Watafiti wamekuja kiwandani kwetu: je, majibu yangu yatamfikia msimamizi?

SWALI: "Mimi ni mama wa watoto wawili. Nachambua kahawa katika kiwanda kimoja hapa Moshi na huu ni msimu wangu wa nne. Wiki iliyopita walikuja watafiti wa chuo kikuu, wakasema wanachunguza vumbi, afya ya mapafu na mazingira ya kazi. Wanataka tujibu dodoso refu, tupulize kwenye mashine, na kabla ya yote tusaini fomu ya ridhaa. Aliyeandika majina ni msimamizi wetu, naye amesema kila aliyeandikwa lazima aende. Mwenzangu aliyekwisha kuhojiwa anasema maswali si ya kikohozi tu. Kuna ya lugha ya wasimamizi, ya ruhusa ya kwenda chooni, hata kama umewahi kushikwashikwa. Wapo wanaosema ukisaini umejifunga, ukiugua huwezi tena kudai fidia. Wengine wanasema tujibu kwamba kila kitu kiko sawa ili yaishe. Mimi nina kikohozi tangu msimu uanze, na naogopa mashine ikionyesha mapafu mabovu sitaitwa msimu ujao. Nifanye nini?"

JIBU: Dada yangu, hofu yako ina msingi, lakini naona imeelekezwa mahali pasipostahili. Wewe na wenzako mnaiogopa fomu, ambayo kwa hakika iliandikwa ili iwalinde, na hamjaishtukia orodha iliyoandikwa na msimamizi, ambayo ndiyo yenye kasoro katika yote uliyonieleza. Nimekaa miaka mingi katika kamati za maadili ya utafiti, na mara nyingi madhara niliyoyaona hayakutokana na saini ya mtu bali na mambo madogo yanayozunguka utafiti: nani aliita watu, walihojiwa chumba gani, na nani alikuwa amesimama mlangoni.

Tuanze na fomu. Fomu ya ridhaa ni makubaliano kati yako na mtafiti, na mwajiri wako si mmoja wa wahusika wake. Inaeleza utafiti unahusu nini, utafanyiwa nini, taarifa zako zitatunzwaje, na kwamba unaweza kukataa au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Kwa hiyo saini yako haikufungi. Unaweza kusaini asubuhi, ukaacha dodoso katikati, ukarudi kwenye meza yako ya kuchambulia. Jambo moja tu la kujua ni kwamba majibu yakishaunganishwa na ya wengine na majina kuondolewa, mtafiti hawezi tena kuyachomoa ya kwako, kwa sababu hata yeye hayatambui. Ukitaka kujitoa kabisa, jitoe mapema.

Kuhusu fidia, waambie wenzako bila kusita kwamba hayo si kweli. Fidia ya ugonjwa unaotokana na kazi inasimamiwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na inalipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ambao michango yake hutolewa na mwajiri bila kukatwa kwenye ujira wako. Mtafiti wa chuo kikuu hana mamlaka yoyote juu ya haki hiyo na hawezi kukuondolea. Na ikiwa utaona kwenye fomu sentensi inayosema kwamba unaachilia madai yako dhidi ya mtu yeyote, usisaini, piga simu kwa kamati ya maadili ambayo namba yake inapaswa kuwa imeandikwa hapohapo. Kamati makini haiwezi kupitisha sentensi ya namna hiyo.

Nimetaja kamati kwa sababu watu wengi hawajui kwamba ipo. Kwa Tanzania Bara, utafiti unaogusa afya ya binadamu hauruhusiwi kuanza mpaka upitiwe na kamati ya maadili, ama ya chuo chenyewe, kama zile zilizopo Muhimbili na katika hospitali ya rufaa ya KCMC hapo Moshi, ama ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti anayetoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar wana kamati yao, na ndugu zetu wa Kenya wana leseni ya NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi. Utaratibu huu haukuzuka hivihivi. Huko Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwaeleza ukweli na bila kuwapa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kwamba inatibu. Anayewaogopa watafiti hana ujinga. Lakini swali la kuwauliza leo ni jepesi: kibali chenu ni namba ngapi, na kimetolewa na nani? Mtafiti halali hulijibu bila kukunja uso, na nakala ya kibali huwa nayo kwenye begi.

Sasa tuje kwenye orodha. Msimamizi aliposema kila aliyeandikwa lazima aende, alivunja msingi wa kwanza wa utafiti, yaani hiari, na yumkini watafiti wenyewe hawajui kwamba amesema hivyo. Hutokea sana: mtafiti anaomba kiwanda majina ya wafanyakazi ili achague kwa bahati nasibu, ofisi inampa kazi hiyo msimamizi, naye anaigeuza kuwa amri kama amri zake nyingine. Kumkatalia msimamizi mbele ya wenzako kunaweza kukuletea shida ambayo kukubali kusingekuletea, kwa hiyo sikushauri ufanye hivyo. Nenda ulikoitwa. Ukishaingia na mlango umefungwa, mwambie mtafiti, "Mimi nimeambiwa ni lazima." Sentensi hiyo ina uzito mkubwa, na mtafiti aliyefundishwa vizuri atasimama hapohapo. Kama hutaki kushiriki, mwambie, na umwombe mkae humo dakika zilezile wanazokaa wengine, halafu utoke. Watu walioko nje watajua tu kwamba uliingia na kutoka. Hawatajua ulijibu nini, wala kama ulijibu. Watafiti wenye uzoefu wa viwandani na mashambani huliruhusu jambo hilo bila tatizo.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii. Unaweza kukubali kupimwa na ukakataa kuhojiwa, au ukajibu maswali ya kikohozi na ukaruka ya wasimamizi. Swali lolote unaweza kulijibu "sipendi kujibu", na jibu hilo halipaswi kukupunguzia nauli wala soda, kama wameahidi.

Usiri wenyewe unafanyaje kazi? Kwa kawaida dodoso lako halina jina, lina namba. Fomu yenye saini yako hutunzwa mahali tofauti na dodoso, na daftari linalounganisha namba na jina hufungiwa kabatini au kwenye kompyuta yenye nywila, likishikwa na watu wawili watatu. Kinachotoka mwishoni ni jumla: kati ya wachambuaji wote waliohojiwa, kiasi fulani wanakohoa asubuhi. Isitoshe, tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikifanya kazi, na sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kumkabidhi meneja majibu yako yenye jina ni kuvunja sheria ya nchi pamoja na ahadi ya chuo.

Hata hivyo, jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu, na hapa ndipo ninapotaka uwe mwangalifu. Tuseme taarifa inasema kwamba katika chumba cha kupangia madaraja, mwanamke mmoja mwenye zaidi ya miaka 50 alilalamikia matusi. Kama chumba hicho kina mwanamke mmoja tu wa umri huo, jina lake limekwisha kuandikwa. Vivyo hivyo nukuu: ukimwambia mtafiti, "tangu siku ile nilipoangukiwa na gunia mimi ndiye ninayetukanwa," na akaiweka nukuu hiyo kama ilivyo, kiwanda kizima kitajua ni nani aliyeangukiwa na gunia. Kwa hiyo mwulize mtafiti idara yenu ina watu wangapi kwenye utafiti na kama ataunganisha makundi madogo. Unapoeleza kisa chochote, mwombe wazi asiandike idara, umri wala tukio linalokutambulisha. Na kama mtaitwa kwenye majadiliano ya kikundi, watu wanane mezani, elewa kwamba mtafiti anaweza kuahidi mdomo wake tu, hawezi kuahidi midomo ya wenzako saba. Mambo ya kushikwashikwa yasemwe ana kwa ana au yasisemwe kabisa.

Umeshangazwa na maswali ya chooni na lugha ya wasimamizi, na pengine unadhani yanatafuta uchochezi. Yana sababu ya kisayansi. Mwaka 1985 watafiti wa London walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali 10,308, utafiti unaojulikana kama Whitehall II. Hao hawakuwa wabeba magunia. Walikuwa watu wa ofisini, wenye mshahara wa uhakika na hospitali za bure. Bado ilionekana kwamba kadiri mtu alivyokuwa na daraja la chini, ndivyo alivyozidi kuugua maradhi ya moyo, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilihusiana na jinsi mtu alivyokuwa na uwezo mdogo wa kuamua jambo lolote katika kazi yake mwenyewe. Mtu anayeomba ruhusa hata ya haja ndogo ana mzigo mwilini ambao kipima vumbi hakiuoni. Kwa mwanamke, kujizuia kunywa maji ili asiombe ruhusa kunaongeza pia uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo. Mtafiti anayepima vumbi bila kuuliza hayo atakuwa ameona nusu ya kiwanda.

Ushauri wa kujibu kwamba kila kitu kiko sawa ndio unaonisumbua zaidi. Naelewa unatoka wapi, lakini fikirini kinachofuata. Utafiti wa viwandani tayari unaegemea upande wa afya njema kwa sababu moja isiyoonekana: waliougua sana hawapo. Mama aliyekuwa akibanwa na kifua misimu miwili iliyopita amerudi kijijini kuuza ndizi. Hakuandikwa kwenye orodha, hakupuliza mashine. Waliobaki ni wenye mapafu yanayostahimili, na ndiyo maana mara nyingi wafanyakazi wa kiwanda huonekana wana afya nzuri kuliko watu wa mtaani, hata pale vumbi linapoua taratibu. Wataalamu wanaijua kasoro hiyo na hujitahidi kuirekebisha, lakini hawana dawa ya kikohozi kilichofichwa kwa makusudi. Mkijibu wote kwamba hamkohoi, patatoka karatasi yenye muhuri wa chuo kikuu inayosema kiwanda chenu ni salama, na mwaka mwingine mtu akiidai fidia, karatasi hiyo itawekwa mezani. Ni heri kukataa kujibu kuliko kujibu uongo: aliyekataa hahesabiwi, aliyedanganya anahesabiwa.

Wala vumbi la kahawa si jambo la kubuni. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, wamekwisha kuchunguza viwanda vya kahawa hapa nchini, wakakuta dalili za pumu ni nyingi zaidi kwa wafanyakazi wa kahawa kuliko kwa wale wa viwanda visivyo na vumbi hilo. Vumbi la kahawa ambayo haijakaangwa lina chembechembe ambazo mwili wa baadhi ya watu huzigeuza kuwa adui: mwanzoni pua hutiririka na macho huwasha, baadaye kifua hubana. Hali hiyo haimpati kila mtu, ndiyo maana jirani yako wa mezani anaweza kuvuta vumbi lilelile miaka kumi bila kupiga chafya.

Mashine mtakayopulizia huitwa spiromita. Utavuta pumzi mpaka mwisho, utabana mdomo kwenye bomba, halafu utapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea kupuliza hadi hewa iishe, mara tatu au zaidi. Inapima hewa yote unayoweza kutoa, na kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Matokeo hulinganishwa na mtu wa jinsia, umri na kimo chako. Haiumi, ila kichwa kinaweza kuzunguka kidogo. Waambie kwanza kama una mimba, kama umefanyiwa upasuaji karibuni, au kama umekohoa damu. Ujue pia udhaifu wake: mwenye pumu anaweza kupuliza vizuri kabisa siku ambayo hajabanwa. Kwa hiyo matokeo mazuri si cheti cha uzima, na matokeo mabaya ya siku moja si hukumu. Kinachosaidia zaidi ni kufuatilia: je, kifua hubana siku za kazi na kuachia siku za mapumziko? Andika hayo kwenye daftari dogo kwa wiki mbili tatu, tarehe na dalili tu, uende nalo kwa daktari.

Matokeo hayo ni ya kwako. Kabla ya kupuliza, uliza yatakwenda kwa nani, na usiridhike mpaka uambiwe kwamba utapewa wewe peke yako, pamoja na barua ya rufaa ikiwa kuna tatizo. Usichanganye kipimo hiki na uchunguzi wa afya ambao mwajiri anatakiwa kuwafanyia wafanyakazi wake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, unaosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Huo ni wajibu wake kisheria. Utafiti si wajibu wa mtu yeyote. Ukiona kiwanda kinatumia utafiti kama mbadala wa uchunguzi huo, uliza pia nani anaulipia na kama kampuni ina haki ya kuzuia matokeo yasichapishwe.

Je, unaweza kuachwa msimu ujao? Sitakupamba kwa maneno. Mfanyakazi wa msimu ana kinga dhaifu kuliko wa kudumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuachishwa kazi isivyo haki, lakini kinga hiyo haimhusu aliyemtumikia mwajiri huyo kwa chini ya miezi sita. Hata hivyo, miezi hiyo inahesabiwa iwe imetokana na mkataba mmoja au zaidi, na sheria hiyohiyo inatambua kwamba kutohuishiwa mkataba pale mtu alipokuwa na matarajio ya haki ya kuhuishiwa kunaweza kuwa sawa na kuachishwa. Mtu wa msimu wa nne ana la kusema hapo. Tunza basi vitambulisho vyako vya kila msimu, karatasi za malipo, hata ujumbe wa simu uliokuita kazini.

Ukiniuliza ningefanya nini kwenye nafasi yako, ningepuliza mashine, kwa kuwa una kikohozi na kipimo hicho si rahisi kukipata bure. Dodoso ningelijibu kwa ukweli kama tumekaa mahali ambapo msimamizi hasikii. Kama chumba kimepakana na ofisi yake, ningeomba nihojiwe siku nyingine nje ya kiwanda au kwa simu, na nikikataliwa ningeruka maswali yanayomhusu. Lakini nisingetarajia mengi kwa ajili yangu mwenyewe. Watafiti hawana amri ya kuleta barakoa wala kuweka feni za kufyonza vumbi, na kati ya kupimwa kwenu na taarifa kuchapishwa inaweza kupita miaka miwili. Mnachoweza kudai tangu sasa ni waahidi kurudi kuwasomea matokeo ninyi wenyewe, kwa Kiswahili, si kuyaacha ofisini kwa meneja.

Kikohozi chako kisisubiri utafiti. Kikishapita wiki mbili, nenda kituo cha afya cha serikali ukapimwe kifua kikuu, ambacho kipimo na dawa zake ni bure, na usidhani kwamba kila kikohozi cha kiwandani ni vumbi. Kama si kifua kikuu na bado hupati nafuu, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Mawenzi au KCMC, umweleze daktari kazi unayofanya na umwonyeshe lile daftari, maana bila kuambiwa huenda asiulize, na bila yeye kuandika kwamba ugonjwa unahusiana na kazi, dai la WCF halitasimama. Ukikohoa damu, ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, hapo nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ikiwa kuna mtu anakushikashika, usiliachie dodoso peke yake. Mtafiti ataliandika kama takwimu na kwenda zake. Liseme kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi unayemwamini, TUICO au TPAWU kutegemea kiwanda chenu kimo wapi, au dawati la jinsia polisi. Na endapo utaachishwa kwa sababu ya kushiriki au ya kukataa kushiriki, mpe taarifa mtafiti mkuu na kamati ya maadili, halafu ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu uachishwe, kwa sababu baada ya hapo utalazimika kwanza kuomba uruhusiwe kuchelewa, na ruhusa hiyo haitolewi kwa kila anayeomba.